Babu wa mke wangu alicheza futiboli chuoni mwaka 1943. Je, alikwepa vita?

"Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mtu wa Tanga, naishi Indianapolis na nimeoa huku. Babu yake mke wangu, mzaa mama, alikuwa kwenye timu ya futiboli ya Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Purdue mwaka 1943, ile iliyomaliza msimu bila kufungwa. Alikuwa mchezaji wa akiba. Ameshafariki, na alipokuwa hai hakupenda kusimulia. Mama mkwe amebaki na picha moja tu: kijana kavaa sare ya jeshi, kasimama mbele ya bweni. Sikukuu iliyopita shemeji yangu alisema mezani kwamba mzee 'alikwepa vita kwa kucheza mpira'. Mama mkwe akainuka akaenda chumbani, analia. Nimejaribu kusoma, nimezidi kuchanganyikiwa. Nyota wa Purdue mwaka ule walikuwa wa Illinois mwaka uliotangulia. Hiyo si hila? Tena Purdue hawakufungwa hata mechi moja, lakini bingwa wa taifa akawa Notre Dame, ambao walifungwa. Na jambo jingine linanisumbua: babu yangu mimi alikuwa KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, akapelekwa Burma. Inakuwaje wenzake wako msituni, hawa wako uwanjani wanashangiliwa? Nataka kumjibu shemeji kwa ukweli, hata kama ukweli wenyewe ni mchungu. Nianzie wapi?"

Marahaba, ndugu yangu, na pole kwa yaliyotokea pale mezani.

Umeuliza mambo kadhaa, lakini yote yanategemea moja: mzee alikuwa mwanafunzi aliyeendelea na mpira wake huku wenzake wakipigana, au alikuwa askari ambaye jeshi lenyewe lilimpangia kukaa chuoni? Shemeji yako anaamini la kwanza. Kwa wachezaji wengi wa Purdue ya 1943, jibu ni la pili. Kama mzee wenu naye alikuwa kundi hilo, yapo makaratasi ya kulithibitisha, na nitakueleza pa kuyapata. Lakini kwanza tuuelewe msimu wenyewe. Ukiusoma kama unavyosoma msimu wa Simba na Yanga, kila jambo litakuwa fumbo. Weka kalenda ya jeshi pembeni ya ratiba ya mechi, usome zote mbili kwa pamoja.

Marekani iliingia vitani Desemba 1941, baada ya Wajapani kuishambulia Pearl Harbor. Novemba 1942 umri wa kuandikishwa jeshini kwa lazima ukashushwa kutoka miaka 20 hadi 18. Fikiria maana yake kwa chuo: vijana wa miaka 18 mpaka 22 ndio hao hao waliojaa mabwenini. Wakuu wa vyuo waliona madarasa yanakwenda kubaki matupu na ada zinakwenda kukatika. Wakati huohuo Jeshi la Majini lilikuwa linaunda meli kwa kasi ambayo haijawahi kuonekana, na kila meli inahitaji maofisa. Ofisa wa meli hapatikani kwa kumkimbiza kijana gwaride miezi miwili. Lazima ajue hesabu, fizikia na uhandisi, na aweze kuiongoza meli baharini usiku wa giza.

Ndipo ukazaliwa mpango ulioitwa V-12, ulioanza tarehe 1 Julai 1943. Jeshi la Majini liliingia mkataba na vyuo 131, Purdue ikiwemo, likaweka vijana wake humo kusomea uofisa. Mpaka vita vinamalizika, zaidi ya vijana 125,000 walikuwa wamepitia mpango huo. Hapa ndipo shemeji yako anapokosea, na hayuko peke yake. Vijana wa V-12 hawakuwa wanafunzi walioombewa msamaha wa kutokwenda jeshini. Walikuwa wamekwisha kula kiapo. Walivaa sare mchana kutwa, walilipwa mshahara wa askari wa chini kabisa, dola 50 kwa mwezi, waliamshwa alfajiri kwa amri, na aliyevunja nidhamu au aliyefeli alitolewa akapelekwa kutumikia kama askari wa kawaida. Mzigo wa masomo haukupungua vipindi 17 kwa wiki, na juu yake saa tisa na nusu za mazoezi ya viungo. Muhula ulikuwa wiki 16, mihula mitatu kwa mwaka, bila ile likizo ndefu ya kiangazi. Futiboli ilichezwa katika muda uliobaki baada ya hayo yote.

Kwa hiyo ile picha ya kijana mwenye sare mbele ya bweni, kwangu mimi ndiyo dalili ya kwanza ya kumtetea. Kwa kawaida raia hakuvaa sare ile. Tutairudia, kwa sababu picha peke yake haitoshi.

Sasa hilo la wachezaji wa Illinois. Jeshi la Majini ndilo lililoamua nani aende chuo gani. Marini, wale askari wanaoshushwa ufukweni kutoka melini, wako chini ya idara hiyohiyo, kwa hiyo nao waliwaweka vijana wao ndani ya V-12. Vijana wa Illinois waliokuwa wamejiandikisha Marini walipewa amri ya kuripoti Purdue, na hakuna aliyewauliza kama wanaipenda jezi yake. Miongoni mwao walikuwemo Alex Agase, mlinzi wa mstari wa mbele aliyekuwa amekwisha kutajwa kwenye kikosi bora cha taifa akiwa Illinois, na Tony Butkovich, mkimbizaji mwenye nguvu za ajabu. Ligi yao, Big Ten, ililegeza kanuni zake za uhamisho kwa kipindi cha vita, ikaruhusu pia wanafunzi wa mwaka wa kwanza kucheza. Tarehe 2 Oktoba 1943 Agase na Butkovich walisimama uwanjani dhidi ya Illinois, chuo chao wenyewe, na Purdue ikashinda 40-21. Ningependa kujua walisemezana nini na wenzao wa zamani kabla ya filimbi.

Hila ingekuwepo kama kocha wa Purdue angewashawishi kwa fedha. Aliyewaleta ni amri ya jeshi. Na vita vilipokwisha, Agase alirudi Illinois, akacheza msimu wa 1946 na kutajwa tena kwenye kikosi bora cha taifa. Mchezaji aliyenunuliwa hafanyi hivyo.

Lakini kuna jambo lililoamua msimu mzima kabla mpira haujarushwa hata mara moja, na usipolijua utaendelea kuchanganyikiwa. Jeshi la Majini liliwaruhusu vijana wake kucheza kwenye timu za vyuo. Jeshi la Nchi Kavu, lililokuwa na mpango wake wa kusomesha askari vyuoni, liliwakataza, kwa hoja kwamba ratiba ya masomo yao haina nafasi ya mchezo. Basi chuo kilichobahatika kupata mkataba wa Majini kilikuwa na wanaume wa kucheza. Kilichopata mkataba wa Nchi Kavu kilibaki na watoto wa miaka 17 na wale waliokataliwa na madaktari wa jeshi.

Tazama matokeo. Ohio State walikuwa mabingwa wa taifa mwaka 1942. Mwaka uliofuata, chuo chao kikiwa na mpango wa Nchi Kavu, walishinda mechi tatu na kufungwa sita. Wisconsin mwaka 1942 walishinda nane, wakafungwa moja, wakatoka sare moja, na waliifunga hata hiyo Ohio State. Mwaka 1943 walishinda moja na kufungwa tisa, maana wachezaji wao wametawanywa, na nyota wao Elroy Hirsch yuko Michigan kwa amri ya Marini. Alabama, Tennessee, Florida, Stanford na Michigan State hawakuwa na timu kabisa msimu ule. Na Purdue? Mwaka 1942 walishinda mechi moja tu na kufungwa nane. Mwaka 1943 walishinda tisa kati ya tisa. Kocha alikuwa yuleyule, Elmer Burnham. Simnyimi sifa yake, maana kuwaunganisha vijana waliotoka vyuo mbalimbali kwa majuma machache si kazi ndogo. Ila hakuna kocha anayeigeuza timu namna ile kwa ufundi peke yake.

Kama swali lako ni kwamba hii ilikuwa haki kimichezo, nitakujibu bila kuzunguka: haikuwa. Wisconsin walidhulumiwa na Purdue walineemeka. Lakini dhuluma hiyo haikuwa ya wachezaji, na waliokuwa wakiendesha vita hawakuwa wakiwaza jedwali la ligi.

Sasa tuje kwenye neno lililomliza mama mkwe. Mihula ya V-12 ilianza Julai, kwa hiyo ule wa kwanza ulimalizika mwishoni mwa Oktoba, katikati ya msimu wa futiboli. Muhula ulipokwisha, waliokuwa wametimiza masomo yao walipewa amri ya kuondoka, awe nyota au wa benchi. Mfano unaojulikana zaidi ni wa Notre Dame. Angelo Bertelli aliiongoza timu ile katika mechi sita za kwanza. Tarehe 30 Oktoba waliifunga Navy, timu ya chuo cha maofisa wa Majini, 33-6, na baada ya hapo akaondoka kwenda depo ya Marini, Parris Island, South Carolina. Alitunukiwa Heisman, tuzo kubwa kuliko zote za futiboli ya vyuo, akiwa ametoka uwanjani na kuingia jeshini, kisha akapigana Iwo Jima. Nafasi yake ilichukuliwa na kijana wa miaka 18, Johnny Lujack, ambaye baadaye naye alitumikia kwenye meli ya kuwinda nyambizi kule Mlango Bahari wa Uingereza.

Purdue yaliwakuta hayohayo. Butkovich alicheza mechi saba. Ya mwisho ilikuwa dhidi ya Wisconsin, tarehe 30 Oktoba, waliposhinda 32-0, na kwa mechi hiyo akavunja rekodi ya ufungaji ya Big Ten. Kisha amri ikaja, akaondoka yeye na wenzake wengine. Sasa chukua orodha ya matokeo uitazame mwenyewe. Kabla ya tarehe hiyo Purdue walikuwa wanashinda kwa mabao ya kutisha: Ohio State 30-7, Iowa 28-7, Marquette 21-0. Baada yake, Minnesota 14-7 na Indiana 7-0. Tofauti ya pointi saba tu kila mechi, na ushindi huo uliletwa na wale waliobaki. Hapa nakuomba umfikirie mzee wenu. Kama alikuwa wa akiba na alikuwa bado yupo Novemba, basi inawezekana sana kwamba mechi zile mbili za mwisho ndizo alizoingia uwanjani. Siwezi kukuhakikishia, lakini ni jambo la kulitafuta.

Na walioondoka walikwenda wapi? Wengi wa Marini walipelekwa Pasifiki. Tarehe 24 Desemba 1944, kwenye kisiwa cha Guadalcanal, vikosi viwili vya Marini, cha 4 na cha 29, vilicheza futiboli kwenye ardhi ngumu yenye kokoto, bila kofia wala kinga za mabega. Uwanjani walijaa nyota wa vyuo, Butkovich akiwemo, na Dave Schreiner wa Wisconsin pia. Mechi ikaisha 0-0. Miezi michache baadaye wanaume hao walishushwa Okinawa. Butkovich aliuawa huko Aprili 1945 akiwa koplo. Schreiner aliuawa Juni. Kwa jumla wachezaji 15 wa mechi ile ya Guadalcanal waliachia maisha yao Okinawa. Agase alinusurika, akarudi na nishani ya Purple Heart, ile wanayopewa waliojeruhiwa vitani.

Kwa hiyo mtu akisema timu ya Purdue ya 1943 ilikuwa maficho, aonyeshwe kaburi la mfungaji wake mkuu.

Hata hivyo uliniomba ukweli mzima, na upo upande mwingine. Si kila aliyepita V-12 aliiona risasi. Aliyeingia akiwa mwaka wa kwanza alipangiwa mihula kadhaa, na wapo waliovalishwa cheo vita vikiwa vinaelekea ukingoni au vimekwisha kabisa. Wengine walitumikia ofisini, bandarini au kwenye meli za mizigo. Kama makaratasi yataonyesha kwamba mzee aliipata meli yake Septemba 1945, Wajapani wamekwisha kusalimu amri, utasema hivyo hivyo bila kuongeza chumvi. Kijana aliyekuwa chini ya amri, akaenda alikotumwa siku aliyotumwa, hakukwepa chochote, hata kama bahati yake ilikuwa njema. Tena upo uwezekano wa tatu. Timu ile ilikuwa na raia wachache pia: waliokuwa hawajafika miaka 18, na waliowekwa daraja la 4-F, yaani waliokataliwa na madaktari wa jeshi kwa sababu ya sikio, goti, moyo au macho. Watu walikuwa wakiuliza kwa haki kabisa, inakuwaje mtu anaweza kukabana mieleka uwanjani lakini hawezi kubeba bunduki? Jibu ni kwamba mchezaji mwenye sikio bovu hutoka uwanjani jioni akaenda zake nyumbani kwao. Askari mwenye sikio hilohilo yuko kwenye handaki miezi mitatu, na maisha ya wenzake yanategemea asikie. Wapo 4-F walioibeba aibu isiyo yao mpaka kaburini, na mara nyingi ni hao ambao hawakupenda kusimulia. Ila waliotoka Okinawa nao hawakupenda kusimulia. Kwa hiyo ukimya wa mzee usiuchukulie kuwa ushahidi wa upande wowote.

Kuhusu babu yako wa KAR. Nimeguswa na swali hilo, na sitalipita. Katika nusu ya pili ya 1944, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilikuwa inapasua njia bonde la Kabaw huko Burma, katika masika na malaria. Vijana wale hawakuwahi kuulizwa kama wangependa kusomea uofisa kwanza. Jeshi la mkoloni halikuwa na mlango huo kwao. Unapoona uchungu, uelekeze huko, kwenye suala la nani alifunguliwa mlango na nani alifungiwa. Hata Marekani kwenyewe milango haikuwa sawa. Jack Yoshihara alikuwa mchezaji wa Oregon State waliokwenda kucheza mechi ya Rose Bowl tarehe 1 Januari 1942. Mechi hiyo ilihamishwa kutoka California hadi Durham, North Carolina, kwa hofu ya mashambulizi. Yeye akazuiwa kusafiri na timu kwa sababu alizaliwa Japani, na baadaye akafungwa kambini Minidoka, Idaho, pamoja na maelfu ya watu wa asili yake. Vijana weusi nao waliopata nafasi V-12 walikuwa wachache mno. Mmoja wao, Samuel Gravely, alisomea UCLA chini ya mpango huo, na mwaka 1971 akawa Mmarekani mweusi wa kwanza kufikia cheo cha admirali. Mwaka 1943 mlango alioupitia ulikuwa umefunguliwa kidogo sana. Babu wa mke wako alipita pale palipokuwa wazi kwa vijana kama yeye. Hilo ni la kulijua. Hilo silo kosa lake.

La ubingwa nitalimaliza haraka, ingawa najua ndilo linalowasha watu wa Indiana mpaka leo. Bingwa wa taifa siku zile hakupatikana kwa fainali. Waandishi wa habari za michezo walipiga kura iliyoendeshwa na shirika la Associated Press tangu 1936. Notre Dame walifungwa mechi yao ya mwisho, tarehe 27 Novemba, na timu ya kituo cha mafunzo ya Majini cha Great Lakes, karibu na Chicago. Walikuwa wanaongoza 14-12, zimebaki sekunde 33, Steve Lach akarusha pasi ndefu kwa Paul Anderson, ikawa 19-14. Na hao Great Lakes, Purdue walikuwa wamewafunga 23-13 Septemba! Kwa hesabu hiyo ndugu zako wanaona wameibiwa. Lakini Notre Dame waliwafunga waliomaliza nafasi ya pili, ya tatu na ya nne kwenye kura hiyohiyo: Iowa Pre-Flight, timu ya shule ya marubani wa Majini, 14-13, Michigan 35-12 na Navy 33-6. Purdue hawakukutana na hata mmoja kati ya hao, hata Michigan waliogawana nao ubingwa wa Big Ten. Waliofungwa na Purdue wengi walikuwa timu zilizokamuliwa na vita. Mimi ningewapigia kura Notre Dame. Purdue walimaliza wa tano kwenye kura hiyo, na ningeweza kukubali kwamba walistahili zaidi ya hapo.

Sasa uanzie wapi. Usianze na shemeji. Anza na mama mkwe, umwombe akukabidhi majina yote kamili ya baba yake, tarehe ya kuzaliwa, na kama anaikumbuka, namba ya utumishi. Muulize kama alizikwa kwa heshima za kijeshi, kama kaburi lina bamba la serikali, kama kuna karatasi za kuachishwa jeshi zilizokunjwa ndani ya Biblia au kwenye sanduku la bima. Ile picha itoe kwenye fremu polepole utazame nyuma yake. Kola na kofia za kuruta wa Marini si sawa na za baharia, kwa hiyo mtu anayezijua sare anaweza kukuambia papo hapo mzee alikuwa tawi gani.

Kisha omba faili lake la utumishi kutoka kituo cha taifa cha kumbukumbu za wanajeshi kilichopo St. Louis, Missouri. Fomu inaitwa SF-180. Huenda utaambiwa kwamba kumbukumbu za vita zile ziliungua. Ni kweli, moto wa Julai 1973 uliteketeza mamilioni ya mafaili, lakini yalikuwa ya Jeshi la Nchi Kavu na la Anga. Ya Majini na ya Marini hayakuguswa. Faili la mtu aliyeachishwa zaidi ya miaka 62 iliyopita liko wazi kwa yeyote anayeomba, kwa kulipia nakala, kwa hiyo hamhitaji kuthibitisha undugu. Humo huenda mkakuta tarehe ya kiapo, chuo alichopangiwa, alama zake, siku aliyoondoka Purdue, na kila kituo kilichofuata. Kama alikuwa Marini, kuna pia daftari za kuhesabia askari, zilizoandikwa mwezi hadi mwezi, kikosi hadi kikosi. Hizo ndizo zitakazokuambia Novemba 1943 alikuwa West Lafayette au alikuwa depo.

Baada ya hapo, nakusihi usiishie kwenye simu. Kutoka Indianapolis hadi West Lafayette ni mwendo wa saa moja na kitu kwa gari. Idara ya nyaraka ya maktaba ya Purdue hutunza vitabu vya mwaka vya chuo na magazeti ya wanafunzi, na mara nyingi vijitabu vya mechi huwa na orodha ya wachezaji na alama za kuonyesha nani ni Marini, nani ni baharia, nani ni raia. Andika mapema uombe miadi, kisha umchukue mama mkwe mwende pamoja. Mtunza nyaraka aliyekaa mbele yako na picha yako mkononi huona mambo ambayo barua pepe haiwezi kumwonyesha.

Na mkikuta kitu kizito kwenye faili, mfano jeraha alilolificha, kulazwa kwa sababu ya akili kuchoka na vita, au nishani ambayo hakwenda kuichukua, msikae nacho peke yenu. Kila kaunti ya Indiana ina ofisa anayewahudumia wastaafu wa jeshi na familia zao, bila malipo. Atawasomea vifupisho vya kijeshi, atawaeleza namna ya kuomba nishani zilizobaki na bamba la kaburi.

Shemeji mwache kwanza. Karatasi zikifika, mpe asome yeye mwenyewe, tena mama mkwe akiwa ameshazisoma na kukubali. Barua ya maombi ipelekwe kwa jina la mama mkwe, na anwani ya kujibu iwe ya nyumbani kwake, ili bahasha iingie mikononi mwake kabla ya mtu mwingine yeyote.